Kuunganisha tovuti za kikundi cha utafiti wa tiba chuoni ziwe tovuti moja: anzeni na daftari, rangi baadaye

MtunzaSeva (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni TEHAMA, na kwa miaka kadhaa nimekuwa karibu na vyuo vya afya. Ombi linalonifikia mara nyingi ni hili: "Kikundi chetu cha utafiti kina tovuti nne tano, kila kitengo na yake. Tunataka moja." Wanakuja na picha ya tovuti ya chuo cha Ulaya waliyoipenda, na kikao cha kwanza chote kinaishia kwenye nembo, rangi, na nani atokee kwenye ukurasa wa mbele. Vijana wengi humu wanapewa kazi za aina hii, nikaona niweke namna ninavyozifanya. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Kwanza tujue hizo tovuti nne tano zilitoka wapi. Utafiti wa tiba kwenye vyuo vyetu unaishi kwa miradi. Mradi wa malaria unapata fedha za miaka mitatu au mitano, bajeti ina kifungu cha mawasiliano, kinanunuliwa kikoa (jina la anwani ya tovuti) cha .org, kijana mmoja anatengeneza tovuti, inazinduliwa. Mradi wa kifua kikuu unapita njia hiyo hiyo, na wa shinikizo la damu, na wa afya ya mama na mtoto. Fedha zikiisha hakuna tena wa kulipia kikoa, na mwenye nywila ameshahamia shirika lingine. Wakati huo wote watu ni walewale. Daktari mmoja yumo kwenye tovuti tatu: kwenye moja bado ni mhadhiri msaidizi, kwenye nyingine ni mhadhiri mwandamizi, kwenye ya tatu jina lake lina tahajia tofauti. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta msimamizi hajui aamini ipi.

Ukizichukua hizo tovuti ukazibandika chini ya menyu moja, vurugu ni ile ile, imehama tu.

Ndiyo maana mimi naanza na daftari. Kikundi chochote cha utafiti wa tiba, kiwe cha watu kumi au mia tatu, kinaelezeka kwa rekodi za aina tatu: watu, miradi, machapisho. Kila mtu anaandikwa mara moja, kila mradi mara moja, kila chapisho mara moja. Kisha unaziunganisha: huyu yumo kwenye mradi huu, mradi huu umezaa makala hizi. Ukurasa wa kitengo cha malaria unajijenga wenyewe kutoka kwenye daftari, hakuna anayekaa kuuandika kwa mkono. Daktari akipanda cheo, kinabadilishwa sehemu moja na kurasa zote zinafuata. Kazi hii ianze kwenye jedwali la kawaida la Excel kabla hujafungua programu yoyote ya tovuti. Hapo ndipo mabishano yote yatakapotokea, na ni nafuu kubishana juu ya jedwali kuliko juu ya tovuti iliyokwisha kutengenezwa.

Watu ndio wagumu kuliko vyote. Majina yetu yanakwenda jina lako, la baba, la babu. Jarida la ng'ambo linataka jina la mwisho. Mtu anayeitwa Juma Hamisi Ally makala moja itamwita Ally JH, nyingine aliyoiandika kabla hajaanza kutumia jina la babu itamwita Hamisi J. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja kwenye makala tatu. Dada zetu wengine wanaolewa katikati ya masomo ya uzamivu na kubadili jina. Upande wa pili, kina Mushi na kina Massawe ni wengi, na herufi za mwanzo zikifanana hakuna mashine itakayowatenganisha.

Dawa yake ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti anajisajilia mwenyewe bure. Ipo tangu 2012 na majarida mengi yanaiomba wakati wa kuwasilisha makala. Sharti langu la kwanza kwa mkuu wa kikundi ni hilo: mtafiti asiye na ORCID hatengenezewi ukurasa mpaka awe nayo. Maprofesa wanalalamika siku ya kwanza, siku ya pili wanashukuru, kwa sababu wanaziona makala zao za zamani zimerudi mahali pamoja.

Taasisi nazo zinabadilika majina. Chukua Muhimbili. Ilianza 1963 kama Dar es Salaam School of Medicine, 1968 ikawa kitivo cha tiba, 1976 ikaunganishwa na hospitali kuwa Muhimbili Medical Centre, 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki kwa jina la MUCHS, na 2007 ikawa MUHAS. Ukitafuta makala kwa neno "MUHAS" peke yake, profesa aliyeanza kuandika enzi za MUCHS unamfutia sehemu kubwa ya kazi yake. Tangu 2019 kuna ROR, rejesta ya bure inayoipa kila taasisi ya utafiti namba ya kudumu. Iwekeni kwenye daftari, na pembeni yake orodhesheni majina yote ya zamani.

Kwenye miradi, kinachofunga kila kitu ni namba ya usajili. Mradi mmoja unaweza kuwa na majina matatu: lile refu la kwenye andiko la ufadhili, kifupisho, na lile wanaloliita watu wa kijijini. Mfano mzuri ni jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Lilifanyika kati ya 2009 na 2014 kwenye vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwetu Bagamoyo na Korogwe, Kenya wakiwa na Kilifi, Kombewa na Siaya, watoto zaidi ya 15,000. Kila kituo kina taasisi yake na tovuti yake. Namba lakini ni moja, NCT00866619, na ukiitafuta unapata usajili na makala zake. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba wamekuwa wakidai usajili wa namna hii tangu 2005, kwa hiyo jaribio lolote la tiba linapaswa kuwa nayo, iwe ya ClinicalTrials.gov, rejesta ya Marekani, au ya PACTR, rejesta ya Afrika inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini. Ombeni namba hiyo na ya kibali cha kamati ya maadili. Mradi usioweza kuonyesha kibali msiuweke.

Machapisho msiyanakili kwa mkono kutoka kwenye wasifu wa Word. Mkiwa na ORCID na DOI, ile namba ya kudumu ya kila makala, rejesta ya Crossref inawapa bure kichwa, waandishi, jarida na mwaka. PubMed, hifadhidata ya Marekani ya makala za tiba, nayo ina mlango ambao programu yenu inaweza kuupitia kuuliza, inaruhusu maombi matatu kwa sekunde bila ufunguo na kumi ukiwa nao, inatosha na kubaki. Programu ndogo inayoamka usiku inaleta makala mpya na kumuuliza mhusika kama ni zake.

Msiishie PubMed, tafadhali. Majarida mengi ya kwetu hayamo humo. Yatafuteni AJOL, ambayo tangu 1998 inakusanya majarida ya Afrika. Kuna wazee waliotumia maisha yao kuchunguza kichocho na minyoo ya wilaya zetu na kuandika kwenye majarida ya nyumbani ili daktari wa wilaya asome. Tovuti ikitegemea PubMed peke yake, wazee hao wanaonekana kama hawakufanya kitu, na kijana wa juzi mwenye makala mbili za nje anawazidi. Hilo linaniuma sana.

La mwisho kwa leo: anwani za zamani. Anwani ya tovuti ya mradi imechapwa kwenye fomu za ridhaa, vipeperushi vya kliniki, na makala zenyewe. Zote zielekezwe kwenye ukurasa mpya kwa msimbo 301, unaosema ukurasa umehama moja kwa moja, ukurasa kwa ukurasa, msizirundike zote ukurasa wa mbele. Na kikoa cha .org endeleeni kukilipia. Kikiisha muda mtu yeyote duniani anaweza kukisajili, na vikoa vya aina hiyo hugeuzwa kuwa kurasa za kamari. Fikirieni mama aliyepewa fomu kliniki, anaandika anwani aliyopewa na daktari, anafunguliwa ukurasa wa kubeti.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

---

Mwalimu wa Ziwa

Mkuu ahsante, umegusa penyewe. Mimi ni mhadhiri huku Mwanza. Shida kwetu ni ya watu kuliko ya kompyuta. Wakuu wa vitengo hawataki kuunganishwa. Kila mmoja anasema mfadhili wake anataka aone tovuti ya mradi, na akiingizwa kwenye tovuti ya pamoja atamezwa. Hapo unafanyaje?

MtunzaSeva

Mwalimu, hofu yao ni ya kweli, msiidharau. Tovuti ya mradi ndiyo inayoonekana pale mtafiti anapoomba fedha nyingine.

Nafanya mambo mawili. La kwanza, naomba tusome mkataba wa ufadhili pamoja. Mara nyingi kinachodaiwa ni mfadhili kutajwa na matokeo kuwekwa wazi, na ukurasa mmoja mzuri wa mradi wenye nembo ya mfadhili unatimiza hayo yote. La pili, kila mradi naupa anwani yake fupi chini ya kikoa cha chuo, ambayo mkuu wa kitengo anaweza kuiandika kwenye kadi yake. Akifungua anakuta mradi wake kwanza, watu wake, makala zake. Hajamezwa na yeyote.

Halafu waonyesheni faida ya chuo. Webometrics, ile orodha ya vyuo iliyoanzishwa 2004 na CSIC, taasisi ya utafiti ya Hispania, imekuwa ikitazama kikoa kikuu cha chuo. Viungo vyote vinavyoelekea kwenye .org ya mradi havikiongezei chuo kitu. Makamu mkuu wa chuo akilisikia hilo, mnapata mtu wa kusimama upande wenu kwenye kikao. Na .ac.tz ina heshima yake, kwa sababu haipewi mtu asiye taasisi ya elimu.

---

Dev wa Kinondoni

Salute mkuu. Upande wa ufundi: unatumia programu gani kutengeneza tovuti? Mimi ningeweka WordPress ya multisite, kila kitengo na tovuti yake ndani ya moja, mchezo umekwisha. Au Drupal? Kuna jamaa ananiambia nitumie Hugo, kurasa ziwe faili za kawaida tu, bila hifadhidata.

MtunzaSeva

Multisite naikataa kwa kazi hii, na nieleze kwa nini. Imo ndani ya WordPress tangu toleo la 3.0 la 2010 na inafanya kazi yake vizuri. Lakini kila tovuti ya ndani inakuwa na kurasa zake zenyewe. Daktari aliyemo kwenye vitengo vitatu atakuwa na kurasa tatu tena. Utakuwa umejenga ukuta ule ule ambao mteja amekulipa uuvunje.

Tumia WordPress moja ya kawaida, tengeneza aina tatu za maudhui: mtu, mradi, chapisho, na viunganishi kati yao. Drupal inafanya hilo kwa ustadi zaidi, mahusiano ya rekodi ndiyo nguvu yake, ila jiulize nani ataihudumia ukiondoka. Mtu wa WordPress unampata kila mkoa, wa Drupal utamsaka. Hugo naipenda sana kwa kikundi kidogo: hakuna hifadhidata ya kudukuliwa, kurasa ni nyepesi, seva ya bei ya chini kabisa inatosha. Kama kuna mtu mmoja anayeweza kuhariri faili za maandishi na jedwali la Excel linalosafirishwa kila wiki, mmemaliza.

Plagini, vile vijiprogramu vya kuongezea, zisizidi zile unazoweza kuzitaja kwa jina na kueleza kila moja inafanya nini. Tovuti za vyuo zinadukuliwa kupitia plagini zilizosahaulika. Cheti cha HTTPS, kinachofunga mawasiliano ya msomaji na tovuti yasichunguliwe, chukueni Let's Encrypt, ni bure, kinadumu muda mfupi, kwa hiyo wekeni kijihuishe chenyewe.

Jambo moja lisilo na mjadala: data za utafiti zisikae kwenye seva ya tovuti. REDCap (programu ya kukusanyia data za utafiti), majedwali ya washiriki, picha za eksirei, vyote vikae pengine kabisa, mashine nyingine, nywila nyingine. Tovuti imejengwa ili watu waingie. Data za mgonjwa zimefungiwa ili wasiingie.

---

Muuguzi wa Zamu

Samahani naingilia, mimi si mtu wa kompyuta. Nimefanya kazi kama muuguzi wa utafiti. Naomba kwenye hiyo tovuti mzungumzie picha. Nimewahi kufungua ukurasa wa mradi mmoja nikamkuta mtoto niliyemhudumia wodini, sura yake wazi kabisa, na juu yake kumeandikwa ugonjwa. Mama yake aliweka dole gumba kwenye fomu ya kushiriki utafiti. Hakuna aliyemwambia picha ya mwanawe itaonekana dunia nzima. Yule mtoto atakua, atasoma, atatafuta kazi. Nililia.

MtunzaSeva

Dada yangu, ahsante sana kwa kuliweka wazi. Hili lilipaswa kuwa juu kabisa ya uzi.

Ridhaa ya kushiriki utafiti haigusi picha ya mtandaoni. Ni ridhaa mbili, fomu mbili, na ya picha lazima iseme itawekwa wapi na inaondolewaje mtu akibadili mawazo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Kenya wanayo yao ya 2019 na inazilinda vilevile. Picha ya mtoto juu yake pameandikwa kifua kikuu ni taarifa ya afya, hakuna ubishi.

Ninachofanya wakati wa kuhamisha: hakuna picha ya mgonjwa inayohamia tovuti mpya yenyewe. Zote zinawekwa pembeni. Kila moja irudi na fomu yake ya ridhaa mkononi. Zisizo na fomu zinafutwa, hata kama ni nzuri kiasi gani, na zinafutwa kwenye seva, maana ukiiondoa kwenye ukurasa tu, mwenye anwani ya faili bado anaiona. Picha za maabara, za watafiti wenyewe, za jengo na mandhari ya kijiji zinatosha kabisa kueleza kazi.

Kuna na fomu ya mawasiliano. Watu wanaandika humo dalili zao, majibu yao ya vipimo, hata namba ya kadi ya kliniki, na yote yanaenda kwenye barua pepe ya ofisi inayofunguliwa na watu sita. Juu ya fomu andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwamba mtu asiandike habari za ugonjwa wake hapo, na mpeni namba ya simu ya mradi pamoja na ya kamati ya maadili, zile zile zilizoko kwenye fomu ya ridhaa.

---

Mpwani wa Kilifi

Ndugu zangu wa Tanzania, hamjambo. Natoka Kilifi, na huku utafiti umekaa nasi tangu 1989, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walipoanza na Wellcome, wafadhili wa Uingereza, pale hospitalini. Kuna wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa vijijini, wanakutana na watafiti, wanauliza maswali na kurudisha habari nyumbani. Swali langu ni moja. Tovuti hizi mnamjengea nani? Mzee wangu alitolewa damu kwa utafiti akataka kujua ulikoishia. Nilimtafutia mtandaoni. Nilipata makala ya Kiingereza yenye majedwali, mimi niliyesoma nikashindwa kumweleza.

MtunzaSeva

Ndugu yangu, swali lako ndilo linalonifanya niipende kazi hii.

Kwenye daftari, rekodi ya mradi ina sehemu inayoitwa "Matokeo kwa washiriki". Aya tatu au nne za Kiswahili: tuliuliza nini, tulifanya nini, tumegundua nini, na sasa nini kitabadilika kliniki kwako, au kama hakuna kitakachobadilika bado, hivyo hivyo. Mradi uliofungwa ukiwa hauna aya hizo, mfumo unaonyesha alama nyekundu kwa mkuu wa kikundi mpaka ziandikwe. Hakuna njia ya kuizima.

Zisiandikwe na ofisi ya habari. Waandike wale waliokuwa wakisoma fomu ya ridhaa nyumba kwa nyumba, wahojaji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa sababu wameshaulizwa maswali yote na wanajua neno gani linaeleweka na lipi linatisha. Kisha mtafiti mkuu anahakiki usahihi. Kiswahili cha tafsiri ya mashine msiweke kwenye ukurasa huu. Mtu anaweza kuacha dawa kwa sababu ya sentensi moja iliyokosewa.

Na ukurasa huo uwe mwepesi. Mzee wako anafungua kwa simu ya mjukuu, kwa bando la siku. Maandishi, picha moja ndogo, basi. Utofauti wa maandishi na rangi ya nyuma usipungue 4.5 kwa 1, ndicho kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wote, na kwa mtu mwenye mtoto wa jicho anayesoma juani ndicho cha chini kabisa. Wekeni pia alama ya lugha "sw" kwenye msimbo wa ukurasa, ili programu zinazosomea wasioona zijue ni Kiswahili. Kuwe na kitufe cha kupakua ukurasa mmoja wa kuchapa, mwakilishi wa jamii aubandike zahanati.

Mpwani wa Kilifi

Hapo kwa zahanati umenena. Ahsante sana ndugu, Mungu akubariki.

---

Dev wa Kinondoni

Mkuu, seva iwe wapi? Chuo kinataka kwenye chumba chao cha seva, umeme ukikata kila kitu chini. Mimi naona Ulaya ni salama zaidi.

MtunzaSeva

Nitakukumbusha tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikatambaa. Tovuti iliyokuwa Ulaya ilikuwa hai kabisa huko iliko, ila mwanafunzi wa Dodoma hakuweza kuifungua.

Tovuti isiyo na data za wagonjwa inaweza kukaa kokote, hivyo jibu langu ni sehemu mbili. Tovuti yenyewe ikae ndani ya nchi, kwenye kituo chenye umeme wa uhakika. Vyuo vilivyoungana na TERNET, mtandao wa vyuo na utafiti wa Tanzania, waulizeni kwanza huko, Kenya waulizeni wenzao wa KENET. Nakala ya akiba ya kila usiku iende nje ya nchi. Na mara moja kwa muhula jaribuni kuirudisha ile nakala kwenye mashine tupu, mhakikishe inafunguka. Nakala isiyojaribiwa siihesabu.

---

Mwalimu wa Ziwa

La mwisho kutoka kwangu mkuu. Huyu kijana wa kutengeneza tovuti akishamaliza na kulipwa, baada ya miaka miwili nani anaihudumia? Maana ndiko tulikotoka.

MtunzaSeva

Mwalimu, hili liamuliwe kabla kijana hajaandika msimbo hata mstari mmoja.

Kikoa na seva visajiliwe kwa jina la chuo na barua pepe ya cheo, kamwe si ya mtu. Nywila zikae kwenye ofisi mbili. Kila andiko jipya la ufadhili linalotoka kwenye kikundi libebe mstari mdogo wa bajeti wa tovuti ya pamoja, mahali pa ule wa kununua tovuti mpya. Fedha ni zile zile, zinaenda mahali pamoja. Daftari lipewe mtu mmoja mwenye jina, na ninavyoona mimi anayelifaa kuliko wote ni mratibu wa utafiti au mkutubi wa chuo. Wakutubi wanajua DOI, wanajua haki za wachapishaji, wanajua lini makala kamili inaruhusiwa kuwekwa kwenye hazina ya machapisho ya chuo na lini ni muhtasari tu. Tunawasahau sana na hii ni kazi yao hasa.

Na daftari liunganisheni na jambo ambalo watu hawawezi kulikwepa. Mtafiti anapoomba kupandishwa cheo, orodha ya machapisho ichukuliwe kutoka kwenye daftari la tovuti. Mtaona jinsi kila mtu atakavyokuwa anakagua ukurasa wake mwenyewe.

---

Muuguzi wa Zamu

Naweza kuomba hilo jedwali la watu lina safu zipi? Nataka nimpelekee mratibu wetu kesho.

MtunzaSeva

Dada, mwandikie hizi: majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, jina analotumia kwenye makala, majina mengine aliyowahi kutumia, ORCID, cheo cha sasa na tarehe aliyokipata, kitengo, au vitengo, barua pepe ya chuo, miradi aliyomo na nafasi yake kwenye kila mmoja, yupo au ameondoka, na lini, picha, na safu ya pembeni ya "amekubali iwekwe: ndiyo/hapana". Waliofariki wabaki kwenye jedwali na kazi zao zote. Namba za simu binafsi msiziweke.

Wauguzi wa utafiti, wahojaji na mafundi wa maabara waingie kwenye jedwali hilo hilo, safu zile zile, wala wasitengewe karatasi yao. ORCID tu ndiyo inaachwa wazi kwa asiye nayo. Akishajaza mlete hapa tuendelee na la miradi.